Nguzo Tatu Mbele ya Baraza Langu

Nilipewa nguzo tatu za kupimia maji, nikaambiwa nizichimbie sehemu tatu za bwawa: moja penye tuta, moja kiunoni, moja mkiani. Nikazichimbia zote tatu mbele ya baraza langu. Kutoka ya kwanza hadi ya tatu hazikufika hatua thelathini. Kila asubuhi nilizisoma bila kuondoka kitini, kikombe cha chai mkononi, na siku za manyunyu sikujisumbua hata kuishusha shuka mabegani.

Nalisema hili mapema ili msomaji asije akaniamini sana huko mbele.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo waliozaliwa na miguu ya kwenda, na wapo waliozaliwa na makalio ya kukaa, na mimi Mungu hakunificha niko kundi gani. Baada ya kidato cha nne nilikwenda Mariakani, nikapata kazi ya kupokea maziwa. Wafugaji walileta makopo yao, nami nilichovya ufito wenye alama, nikausoma, nikaandika. Miaka mingi nilifanya hivyo, mpaka ikaletwa mashine inayopima bila kupiga miayo, nami nikarudi kwetu Ganze na furaha ya mtu aliyefukuzwa mahali asipopapenda. Ujuzi niliorudi nao ulikuwa mmoja tu: kwamba kilichomo ndani ya chombo hulala sawa. Chovya ufito upande huu wa kopo, chovya upande ule, kina ni kile kile. Maziwa hayana mlima.

Nyumba yangu iko juu kidogo ya tuta la bwawa. Bwawa lenyewe ni bonde la kijito cha msimu lililozibwa kwa udongo ili ng'ombe na watu wapate maji kiangazi. Kutoka barazani kwangu huonekana pale mbele tu, palipotanuka. Baada ya hapo maji hupinda, yakapita katikati ya majabali mawili yaliyokaribiana, mahali tunapopaita kiunoni, yakapinda tena, ndipo ukafika mkiani ambako kijito huingilia. Kwa miguu ni mwendo wa karibu saa nzima. Kwa miguu yangu sijui, maana nilikuwa sijaenda miaka. Mbuzi wangu walilijua bwawa lile kunishinda.

Huko mkiani alikaa jirani yangu. Kwetu jirani si yule tu ambaye moshi wake unauona. Anayechota maji mnayochota ni jirani. Alikuwa mjane wa umri wangu, na tena binamu wa mke wangu, kwa hiyo tuliitana mlamu, na mlamu kwetu ana ruhusa ya kumtania mwenziwe mpaka machozi. Mashine ya kusaga iko karibu na kwangu. Kila alipokuja na mahindi kichwani hakupita bila kunitupia neno.

"Mlamu, hicho kiti kimeota mizizi au bado?"

"Kimeota, mlamu. Mwaka huu kitazaa."

"Kikizaa utuite tuje kuvuna, maana wewe kuinama huwezi."

Akaenda zake akicheka, mzigo kichwani hautikisiki. Nami nilicheka, nikajiona mtu anayependwa.

Basi ofisi ya maji ikataka kujua mvua kubwa ikija bwawa litapanda mpaka wapi, na nyumba za nani ziko hatarini. Kamati yetu ya bwawa ikatafuta mtu wa kusoma nguzo kila siku. Mwenyekiti akanionyesha kwa kidole. "Huyu haendi popote," alisema, na watu wakapiga makofi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona ila yangu ikipewa kazi.

Mhandisi aliyekuja alikuwa binti wa bara, viatu vimejaa tope, akiniita mzee. Neno hilo lilinichoma, lakini nilimsamehe kwa sababu alikunywa chai yangu na kuisifu. Aliazima karai la mke wangu, akaliweka uani, akamimina maji.

"Mzee, mabwawa mengine ni kama hii karai," alisema. "Unaona? Maji imeinuka pande zote pamoja. Hapo hesabu ni rahisi. Chukua ile imeingia, toa ile imetoka, iliyobaki ndiyo imepandisha bwawa. Nguzo moja inatosha."

Kisha akaona mfereji wa bati ulioanguka kutoka paa langu, ule niliokuwa nimeahidi kuurudisha tangu mvua ya nyuma ya ile ya nyuma. Akaulaza chini, akaubana katikati kwa donge la udongo, akabakisha upenyo. Akasimama mwisho mmoja na ndoo, akamwaga yote kwa mpigo. Maji yakarundikana pale pale alipoyamwaga, yakafurika kando, yakamlowesha viatu. Huku mwisho wangu kuku alikuwa amesimama ndani ya mfereji, akidonoa, mkavu.

"Sasa mzee, kama nguzo yako iko hapo kwa kuku, utaniambia nini?"

"Nitakwambia hakuna maji."

"Na mimi huku nimeshalowa."

Akanieleza kwamba umbo la bwawa ndilo linalochagua hesabu. Bwawa fupi na pana, mafuriko yakiingia hutandazwa mara moja, uso wa maji ukabaki bapa. Bwawa refu na jembamba, mafuriko hutembea ndani yake yakiwa na mteremko mgongoni, nyuma kumejaa na mbele hakuna habari. Hilo huwezi kulihesabu kama chombo kimoja. Inabidi ulikate vipande kama nyoka, upige hesabu ya kila kipande pamoja na kilicho mbele yake na kilicho nyuma. Ni kazi ndefu, na haifanyiki bila namba kutoka kila sehemu.

"Nguzo zako ndizo zitaniamulia," alisema. "Mvua ikinyesha zikisema namba moja, nitatumia hesabu ya karai. Zikikosana, basi ni ya mfereji, na nitatoa jasho."

Nilielewa. Sitaki kujitetea kwa ujinga ambao sikuwa nao.

Akaziacha nguzo kwangu, zimepakwa mistari myekundu na myeupe, akaenda kwenye bwawa lingine. Ya kwanza tuliichimbia siku ile ile na wanakamati wawili, penye tuta. Jua likawa kali, nikawaambia waende tu, hizo mbili nitazimaliza mwenyewe kesho. Kesho ikafika. Nikaweka nguzo begani, nikatembea mpaka penye ua wa mbuzi, nikaiweka chini, nikaikalia. Nikakumbuka maziwa. Nikajiuliza, mtu mzima na akili zake aende mwendo wa saa nzima kila asubuhi kusoma namba ambayo yuko nayo hapa nyumbani? Mambo ya mfereji niliyaona ni ya karatasi, ya watu wa ofisini. Nikachukua sururu.

Mke wangu alitoka jikoni akasimama kunitazama.

"Si uliambiwa hiyo uipeleke kiunoni?"

"Hapa ndipo kiunoni."

"Kiuno cha nani?"

Nilikuwa nikichimba, na kwa kuwa hakuwa amezoea kuniona nikichimba, aliniacha niendelee.

Msimu ule mvua ilikuwa ya kawaida. Nguzo zangu zilielewana kama watoto wa mama mmoja. Kila asubuhi nilituma namba tatu kwa simu, na zote tatu zilikuwa moja. Mhandisi akanipigia.

"Mzee, hizi namba ziko sawa sana. Nilifikiri hapo kwa kiuno patanisumbua."

"Maji ya kwetu yana adabu," nikamwambia.

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu aliyepunguziwa kazi. Akatumia hesabu ya karai.

Baada ya muda ikaja ramani, ikabandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Mstari wa buluu ulionyesha maji yatakapofika siku mvua ikija kwa ghadhabu. Mkiani mstari uliishia chini kabisa ya nyumba ya mlamu wangu.

Naye hakuwa mtu wa kudharau maji. Shemeji zake walikuwa wamempa kiwanja juu ya mgongo wa kilima, na alikwisha kata miti ya kujengea. Lakini mwaka ule mahindi yake yalikubali, jambo ambalo Ganze halisemwi kila mwaka. Lutsaga lake, lile dari la fito juu ya meko ambako mahindi hukaa yakipata moshi, lilikuwa limejaa mpaka fito zimepinda, na mbegu za msimu ujao zimefungwa mafungu mafungu juu kabisa. Ukiyashusha mahindi ukayatoa kwenye moshi, wadudu hawachelewi. Kuhama kwake kulikuwa ni kuchagua kati ya maji na dumuzi.

Siku hiyo hakunitania. Alisimama mbele ya ramani na gunia lake tupu.

"Niambie, mlamu, wewe uliyesoma. Nihame au nikae?"

Nikaweka kidole kwenye mstari wa buluu, nikakitembeza taratibu kama mwalimu. "Kaa," nikamwambia. "Kula mahindi yako kwanza. Utahama kiangazi."

Akaamini. Miti aliyoikata akaiacha kilimani ikikauka.

Mvua yenyewe haikunyesha kwetu. Mbingu juu ya baraza langu ilikuwa nyeupe, mke wangu ameanika nguo. Huko nyuma tu, upande kijito kinakotoka, kulikuwa na weusi uliokaa tangu asubuhi. Saa nane mchana simu ikalia.

"Mlamu, maji ya huku yamegeuka rangi."

"Yamekuwaje?"

"Kama chai ya maziwa. Na yanabeba matawi. Nguzo zako zasemaje?"

Nikatazama. Nilikuwa nimekaa.

"Kimya, mlamu. Zote tatu hazijainua hata kidole."

"Hata ya huku kwangu? Mbona mimi sijawahi kuiona?"

Nimejaribu mara nyingi tangu siku ile kukumbuka kama nilifikiri kabla ya kujibu. Nadhani sikufikiri. Nadhani uongo nao una uvivu wake, hushika njia iliyo karibu.

"Iko kichakani," nikasema.

Akakata simu. Mke wangu akaanua nguo zilizokauka. Baada ya kitambo simu ikalia tena, na safari hii nilisikia mbuzi nyuma ya sauti yake.

"Yamefika kwenye jiwe la kusagia. Mlamu, nishushe mahindi?"

Uani mfereji ulikuwa bado umelala pale alipouacha mhandisi, na donge lake la udongo limekauka katikati. Niliuona. Nilimwona na kuku, si yule, mwingine, lakini kuku ni kuku. Neno lililotakiwa lilikuwa moja: shusha. Lakini ningelisema, angeniuliza nimejuaje, na nguzo zangu zote tatu zilikuwa zimesimama pale zikinitazama.

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Hayawezi kupanda huko kabla hayajapanda hapa."

Hilo lilikuwa neno la mpima maziwa. Nilipompigia mimi, simu yake haikupatikana.

Ndipo nikaondoka kitini. Nilipofika kwenye mpindo wa kwanza nilikuwa nahema kama niliyetoka Malindi kwa miguu. Nilipofika kiunoni nikasimama, na kilichonisimamisha si pumzi. Chini ya majabali, upande wa kwangu, maji yalikuwa yametulia, bata wanaogelea. Juu ya majabali yalikuwa yamejaa, mekundu, yamevimba, yakijisukuma kupita pale penye wembamba kama watu kwenye mlango mmoja wa ukumbi unaowaka moto. Mlima niliousema hauko katika maziwa nilikuwa nauona kwa macho yangu, umelala juu ya maji.

Nilimkuta kilimani, amekaa juu ya ile miti yake iliyokauka, na mbuzi wanne na jembe. Hakuwa akilia. Nyumba ilikuwa bado imesimama kwa mbele. Ukuta wa nyuma udongo wake ulikuwa umelowa ukamomonyoka, zikabaki fito kama mbavu, na nguzo za nyumba zilipolegea lutsaga likashuka zima zima ndani ya maji. Mahindi yalielea juu ya mafiga.

Tuliokota mpaka jua likazama, mimi na yeye na shemeji zake. Yale tuliyoyaokoa tuliyatandaza kilimani, lakini jua halikutoka siku zile, na siku ya tatu yakaanza kuota yenyewe kwa yenyewe, yakanuka kama togwa iliyosahauliwa. Mbegu nazo ziliota. Ziliota vizuri sana, juu ya turubai.

Jioni ya siku ile ya mafuriko niliporudi nyumbani nilizikuta nguzo zangu zimeinukiwa na maji, polepole, kwa utulivu. Hayakufika hata kwenye mstari wa ramani. Zote tatu zilisema namba moja.

Aibu yangu ya kweli inaanzia hapo. Kwa wiki nzima hakuna aliyejua ila mke wangu. Kwenye mashine ya kusaga watu waliitukana ramani, wakamtukana na binti wa watu aliyeichora, wakasema hawa wa bara huja hapa kuchora tu. Mtu mmoja akanigeukia akasema, "Na wewe ulivyojitahidi kila asubuhi!" Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Nilikubali kuhurumiwa. Nilirudi nyumbani nikala, nikashiba.

Mhandisi alikuja mwenyewe bila kuitwa. Uso ulikuwa umemshuka. Aliwakuta watu wamejaa pale kwenye mashine, na mlamu wangu yumo, anangoja kusagiwa kibaba alichopewa na mke wangu.

"Nilichagua hesabu mbaya," aliwaambia wote, wala hakuzunguka. "Lakini sielewi nilikosea wapi. Mzee, nipeleke kiunoni nione ile nguzo. Labda ilisogea."

Watu wakanitazama. Mashine ilikuwa inanguruma, na nilitamani ingurume zaidi.

"Haiko kiunoni," nikasema.

"Iko wapi?"

Nikaonyesha kwa kidevu. Kutoka mlangoni pa mashine zilionekana vizuri, zimepangana, mistari myekundu na myeupe, mbele ya baraza langu. Akazihesabu. Nikamwona akizihesabu tena. Aliyekuwa akisaga akaizima mashine.

Hakunitukana. Alifungua daftari lake, akaanza kuchora mstari juu ya kila ukurasa wenye namba zangu, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika mwisho. Ilichukua muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anajisemesha, "Hesabu ilikuwa sawa. Ni bwawa ndiyo haikuwa hii."

Mlamu wangu aliuchukua unga wake uliosagwa nusu, akaondoka. Alipita mbele ya baraza langu, mbele ya kiti. Hakukitazama.

Kesho yake nilizing'oa mbili. Niliibeba ya kiunoni kwanza, nikaichimbia penye jabali. Keshokutwa nikabeba ya mkiani. Nilipumzika mara nyingi njiani, lakini sikuikalia. Nilichimba pale chini ya magofu yake, udongo bado laini, na kila nilipoinua sururu nilimwona juu ya kilima akikandika ukuta wa nyumba mpya, mikono myekundu mpaka viwikoni. Mhandisi alikuwa ameanza kulikata bwawa vipande vyake, alisema, na safari hii ramani itakuwa ya bwawa letu. Ilikuwa habari njema, na mahindi yalikuwa yamekwisha.

Nilipomaliza nikapanda kumsalimu. Nilikuwa nimelowa jasho, na nikadhani, kwa ujinga uleule, kwamba huenda utani ukanifungulia mlango.

"Mlamu," nikasema, "leo kiti kimeniachia."

Akabandika tonge la udongo ukutani, akalisawazisha kwa kiganja, akabandika na jingine. Kisha akanigeukia.

"Uvivu wako tuliucheka miaka yote, mlamu, kwa kuwa ulikuwa haujala chakula cha mtu."